Mtoto mwenye mzio: tunaondoa vyakula vingi mno, hatuvirudishi

"Nimwachishe nini?" Ndilo swali la kwanza la mama mwenye mtoto wa vipele, awe Temeke, Kisauni au Mwanza, na majibu hayakawii. Bibi yake mtoto atasema ni mayai. Jirani atasema ni maziwa ya ng'ombe. Kwenye grupu la WhatsApp la kina mama mmoja ataandika karanga, mwingine samaki, mwingine ngano, na hakosekani wa kuongeza kwamba hata mama anayenyonyesha aache dagaa na machungwa. Mwezi ukipita, mtoto wa miezi tisa anakula uji wa sembe mtupu na wali wa mchuzi wa mchicha, vipele viko palepale, na uzito haupandi.

Nianze na jibu, maana kuna wazazi wanaosoma hapa wakiwa na mtoto anayejikuna mapajani. Ndiyo, chakula kinaweza kupunguza mzio (aleji) kwa watoto wadogo. Ila sehemu kubwa ya ushahidi uliopo leo inaonyesha kwamba faida iko kwenye kumpa mtoto vyakula mapema na vya aina nyingi. Kumwondolea chakula kuna mahali pake, tena padogo na penye masharti. Sisi tumelichukua hilo dogo tukalifanya ndiyo tiba yenyewe.

Kina mama hawastahili lawama kwa hilo, kwa sababu kunyima ndiko madaktari wenyewe walikofundisha kwa miaka. Mwaka 1998 serikali ya Uingereza ilishauri kwamba watoto wa familia zenye historia ya mzio wasipewe karanga mpaka watimize miaka 3. Mwaka 2000 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kikatoa mwongozo wa namna hiyohiyo kwa watoto walio kwenye hatari: maziwa ya ng'ombe yasubiri mwaka 1, yai lisubiri miaka 2, karanga na samaki wasubiri 3. Mwongozo huo ulisafiri, ukaingia kwenye vitabu vya malezi, na hadi leo unarudiwa na watu ambao hawajui ulikotoka. Kilichofuata hakikuwa kile walichokitarajia. Mzio wa karanga uliendelea kuongezeka katika nchi hizo, na kufikia 2008 Wamarekani wakaufuta mwongozo wao. Waingereza walifuata mwaka mmoja baadaye.

Mwaka huohuo wa 2008, Profesa Gideon Lack wa London na wenzake walichapisha ulinganisho uliozua maswali mengi. Walichukua watoto wa Kiyahudi wanaokulia Uingereza na wenzao wanaokulia Israel, watu wa nasaba moja. Mzio wa karanga ulikuwa mara 10 zaidi kwa wale wa Uingereza. Tofauti iliyojitokeza zaidi ilikuwa mezani. Mtoto wa Israel hupewa Bamba, vitafunio laini vya mahindi na karanga, hata kabla hajatimiza mwaka. Mtoto wa Uingereza alikuwa anafichwa karanga kama mwongozo ulivyosema.

Ulinganisho wa aina hiyo huzaa shaka tu, hauthibitishi. Kwa hiyo timu ya Lack ikaandikisha watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wenye pumu ya ngozi kali (ekzema, yaani ngozi kavu yenye vipele vinavyowasha na kurudirudi), mzio wa yai, au vyote viwili. Yaani watoto walewale ambao kwetu ndio wa kwanza kunyimwa kila kitu. Nusu walipewa chakula chenye karanga angalau mara tatu kwa wiki, nusu walizuiwa kabisa, hadi walipofika miaka 5. Matokeo yalitoka 2015. Katika kundi lililozuiwa, zaidi ya asilimia 17 walikuwa na mzio wa karanga. Katika kundi lililokula walikuwa asilimia 3 na kidogo. Watoto hao waliendelea kufuatiliwa mpaka wakawa vijana, na ripoti ya 2024 ilionyesha kinga ile bado ipo, ingawa kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa amewalazimisha kula karanga wala kuziacha.

Wajapani walifanya jambo kama hilo kwa yai. Watoto wenye pumu ya ngozi walianzishiwa unga wa yai lililopikwa, kiasi kidogo sana kila siku, tangu miezi 6. Walipotimiza mwaka, asilimia 8 ya waliopewa yai walikuwa na mzio nalo, dhidi ya asilimia 38 ya wasiopewa. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yakachapishwa 2017. Nashikilia jambo moja la utafiti huo ambalo wengi hulipita: watoto wote walikuwa wanatibiwa ngozi kwa bidii wakati huohuo. Nitarudi hapo.

Si kila jaribio lilifanikiwa hivyo. Uingereza kulikuwa na utafiti mwingine wa watoto 1,303 waliokuwa wakinyonya tu, nusu yao wakaanzishiwa vyakula sita vya mzio tangu miezi 3. Kwa ujumla tofauti haikufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu, na sababu moja ni kwamba wazazi wengi walishindwa kuwalisha watoto wadogo vile kiasi kilichotakiwa. Hilo halinisumbui sana kwa upande wetu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, kisha aanze vyakula vya nyongeza, yakiwemo mayai, jamii ya kunde na karanga. Jaribio la Japani lilianza miezi 6 na likafaulu. Hatuna sababu ya kuvunja miezi 6 ya kunyonyesha kwa ajili ya karanga. Tunayo sababu kubwa ya kutoivuka miezi hiyo kwa miaka miwili zaidi tukisubiri.

Kwa nini kula mapema kusaidie? Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni kwamba kinga ya mwili ya mtoto hukutana na chakula kwa njia mbili. Kikipitia mdomoni na tumboni, mapema na mara kwa mara, mwili hujifunza kukivumilia. Kikipitia kwenye ngozi yenye nyufa na uvimbe, mwili hukisoma kama mvamizi na kutengeneza kingamwili, yaani askari wake, dhidi yake. Mtoto mwenye pumu ya ngozi ana nyufa hizo mchana na usiku. Kaka yake amekula karanga, hakunawa, amemshika shavu. Vumbi la karanga liko kwenye mkeka. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza waliripoti uhusiano kati ya krimu zenye mafuta ya karanga zilizopakwa watoto wenye ngozi mbovu na mzio wa karanga baadaye. Ukimzuia mtoto huyo kula karanga ilhali nyumba nzima inakula, hujamkinga. Umeacha ile njia ya hatari wazi, ukaziba ile inayomfundisha kuvumilia.

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Tunaamini chakula ndicho kilicholeta pumu ya ngozi. Kwa watoto wengi mambo hutokea kwa mpangilio mwingine: ngozi inaharibika kwanza, mzio wa chakula unafuata kupitia ngozi hiyo. Kwa hiyo tiba ya kwanza inapakwa kwenye ngozi. Mtoto aogeshwe kwa maji ya vuguvugu, kwa muda mfupi, kwa sabuni isiyo na manukato. Afutwe kwa kugusagusa bila kusugua, na mafuta ya mgando yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, yarudiwe mara kadhaa kwa siku, kwa wingi, na si kile kipande cha ncha ya kidole wengi wanachopaka usoni tu. Pale palipovimba na kuwa pekundu au peusi zaidi na kukakamaa, daktari ataandika krimu ya steroidi ya nguvu inayofaa umri na sehemu ya mwili. Wazazi wengi wanaziogopa krimu hizo, na naielewa hofu hiyo: tumeona zilivyoharibu nyuso za watu wanaojichubua. Lakini steroidi kali iliyochanganywa kwenye mkorogo na kupakwa mwili mzima kwa miaka haina uhusiano na krimu nyepesi iliyoandikwa kwa siku chache kwenye kiwiko cha mtoto. Mtoto anayekosa usingizi kwa kujikuna kila usiku analipia hofu yetu.

Na kuondoa vyakula je, kunatuliza pumu ya ngozi? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, hayakuona faida ya kuwaondolea vyakula watoto wenye pumu ya ngozi bila kuchagua. Palipoonekana dalili ya faida ni kwa watoto wachanga ambao vipimo tayari vilielekeza kwenye yai. Mapitio mapya ya 2022 yaliona unafuu mdogo tu, ambao mzazi mmoja anaweza kuuona na wengine wengi wasiuone. Kwa faida ndogo hiyo kuna gharama mbili kubwa.

Gharama ya kwanza haijulikani sana hata kwa baadhi ya wauguzi. Mtoto aliyekuwa anakula yai kila siku bila shida ya papo hapo, ila ana pumu ya ngozi, akiondolewa yai kwa miezi kadhaa anaweza kupoteza ule uvumilivu. Siku akilirudia, badala ya vipele vyake vya kawaida, anavimba midomo na kukosa pumzi. Yameripotiwa. Mzazi husema, "Mnaona, nilijua ana aleji ya yai," kumbe huenda aleji hiyo imekua wakati wa kunyimwa.

Gharama ya pili tunaijua vizuri. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliripoti watoto waliougua kwashiakoo katika nchi iliyojaa chakula, kwa sababu wazazi walidhani wana mzio wa maziwa wakawanywesha kinywaji cha mchele badala yake. Kama yanatokea huko, tujiulize hapa, ambapo utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Kenya asilimia 18. Yai, maziwa, samaki na karanga ndivyo vyakula ambavyo watoto wetu wanavikosa tayari. Baadhi ya familia bado zina mwiko wa kumnyima mtoto mdogo yai kwa kuhofia atachelewa kusema. Orodha ya aleji inayosambazwa kwenye simu inaupa mwiko ule nguo mpya za kisayansi.

Sasa nisieleweke kwamba mzio wa chakula haupo. Upo, na unaua. Ule wa papo hapo hujionyesha ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula: mabaka yanayovimba na kuwasha yanayohama mwilini, midomo au macho kuvimba, kutapika ghafla, kikohozi, sauti kukauka, kupumua kwa shida, mtoto kulegea. Hujirudia kila akila chakula kilekile. Mtoto wa namna hiyo anaacha chakula hicho mara moja na anapelekwa kwa daktari wa watoto, hakuna mjadala. Upo pia mzio wa polepole, hasa wa maziwa ya ng'ombe, unaoonekana baada ya saa nyingi au siku: choo chenye damu au kamasi, kutapika kusikoisha, kukataa kula. Huu ni mgumu kuutambua, na hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha.

Kuhusu vipimo nina neno. Maabara za mijini sasa zinauza vipimo vya aleji vya vyakula kadhaa kwa mpigo, na mzazi anarudi nyumbani na karatasi yenye vyakula vilivyowekewa alama nyekundu. Kipimo cha kingamwili aina ya IgG hakina maana yoyote katika kutambua mzio; kinaonyesha kwamba mtoto amewahi kula chakula hicho, basi. Kile cha IgE, kingamwili inayohusika na mzio wa papo hapo, kina maana, lakini kikiwa kimefuatana na historia ya dalili. Peke yake hupotosha, na kwetu hupotosha zaidi. Ghana, watafiti walipima watoto wa shule wakakuta wengi wana IgE dhidi ya karanga, ilhali walikuwa wanakula karanga bila tatizo. Chanzo kilikuwa minyoo, hasa kichocho: kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya vimelea zilikuwa zinanasa sukari fulani zinazofanana na zilizo kwenye karanga. Fikiria mtoto wa kandokando ya Ziwa Victoria anayepimwa aleji bila mtu kuuliza juu ya kichocho. Karatasi itasema ana mzio. Mwili wake hausemi hivyo.

Kwenye maziwa ndiko ninakoona makosa mengi kuliko chakula kingine chochote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Watu wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni kushindwa kumeng'enya laktosi, ile sukari ya maziwa; hilo huleta gesi, tumbo kunguruma na kuharisha, haliuwi, na kwa mtoto mchanga mara nyingi ni la muda tu baada ya kuugua kuharisha. La pili ni mzio wa protini ya maziwa, ambao ni kinga ya mwili kukosea. Maziwa mgando humsaidia mwenye shida ya kwanza kwa sababu bakteria wamekula sehemu ya laktosi. Mwenye shida ya pili hayamsaidii hata kidogo, kwani protini iko palepale. Halafu kuna ushauri unaotolewa kwa nia njema kabisa: "Mpe ya mbuzi." Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na idadi kubwa sana ya watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huwa na mzio wa ya mbuzi pia. Ya ngamia yana protini zilizo tofauti zaidi, jambo ambalo familia za kaskazini mwa Kenya zinaweza kulitazama kwa msaada wa daktari kwa mtoto aliyevuka mwaka, lakini hayafai kuwa chakula kikuu cha mtoto mchanga. Mtoto anayenyonya abaki kwenye ziwa la mama. Ikishukiwa kwamba anadhurika na maziwa anayokunywa mama yake, mama ndiye ataacha maziwa kwa wiki 2 hadi 4, kisha atayarudia ili ionekane kama dalili zinarudi. Hatua hiyo ya kurudia ndiyo inayoachwa karibu kila mara. Dalili zisiporudi, maziwa hayakuwa chanzo, na mama ale chakula chake kwa amani. Tena, kujinyima mama wakati wa ujauzito au kunyonyesha kwa lengo la kuzuia mzio usiokuwepo bado hakujaonyesha faida.

Ndiyo maana msimamo wangu juu ya kuondoa chakula ni mmoja: anayekiondoa aandike siku kitakaporudi. Daktari, muuguzi, bibi, yeyote. Chakula kimoja, kwa sababu moja inayotajika, wiki 2 hadi 4, kisha kirudishwe. Kama mtoto aliwahi kuvimba au kukosa pumzi, kirudi hospitalini mbele ya wanaojua kumhudumia. Kama ni vipele vya pumu ya ngozi tu, kirudi kwa mpango ambao daktari ameukubali, kabla ya wiki kuwa miezi. Na hata mzio uliothibitishwa si wa milele: watoto wengi wenye mzio wa maziwa na yai huupita kadiri wanavyokua, na wengi wao huweza kula yai au maziwa yaliyookwa ndani ya keki au mkate muda mrefu kabla hawajaweza kuyala yalivyo. Mtoto aliyeambiwa "usile yai" akiwa na miezi 8 na sasa ana miaka 6, bila mtu kumchunguza tena katikati, ameachwa njiani.

Kuna chakula kimoja cha kwetu ambacho kinastahili kuangaliwa kwa karibu, nacho ni unga wa lishe. Fungua pakiti yoyote ya wauzaji wa mtaani usome kikaratasi: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, wakati mwingine korosho na dagaa wa unga. Mama anaanza kumlisha mtoto wa miezi 6 kwa bakuli la kwanza la uji huo, na ndani ya saa moja mtoto ametoka mabaka. Ni kipi? Hakuna atakayejua. Atakachofanya ni kuacha uji wa lishe wote, na hapo ameondoa vyakula kumi kwa mkupuo kwa kosa la kimoja. Upande wa pili, mtoto ambaye tayari anajulikana ana mzio wa ufuta au karanga anapikiwa "unga wa nafaka" na dada wa kazi ambaye hakuna aliyemweleza kilichomo. Juu ya hapo soya isiyochemshwa vizuri kabla ya kusagwa inamsumbua mtoto tumboni, na karanga zikikaa muda mrefu ndani ya unga huchacha na kuota ukungu. Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu huo, si hadithi huku kwetu. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na 2016 iliua tena Tanzania, Dodoma na Manyara.

Ningependa tuuvunje mchanganyiko huo. Unga ubaki wa nafaka moja au mbili, ulezi na mahindi kwa mfano, na kile kinachoongezwa kiongezwe kwenye sufuria siku ileile, kimoja kimoja. Wiki hii karanga safi zilizochambuliwa, zisizo na ukungu wala zilizosinyaa, zikakaangwa na kusagwa laini. Wiki nyingine yai lililochemshwa likaiva kabisa, likapondwa. Baadaye samaki, maziwa ndani ya uji, ufuta. Mtoto akipata shida unajua ni nani wa kushtakiwa. Asipopata, umeshamfundisha mwili wake chakula kimoja zaidi, na unaendelea kumpa mara mbili tatu kwa wiki, maana chakula kilichoonjwa mara moja na kuachwa hakifundishi kitu. Kwenye utafiti wa London kiasi kilikuwa sawa na vijiko viwili vya chai vya siagi ya karanga, mara tatu kwa wiki. Huanzi na kiasi hicho. Unaanza na ncha ya kijiko ndani ya uji, asubuhi, siku mtoto hana homa wala mafua, na unabaki naye saa mbili ukimwangalia. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, itampalia. Mwenye pumu ya ngozi kali au aliyewahi kuvimba kwa chakula chochote aonane na daktari kwanza. Kwake ndiko faida ilikoonekana kubwa zaidi, na kwake ndiko hatari iliko pia.

Ukitazama vizuri utaona kwamba mababu zetu hawakuhitaji London kuwaambia haya. Kisamvu cha karanga, mchicha wa karanga, dagaa na uji vilimfikia mtoto mapema kwa sababu alikula kutoka kwenye chungu cha nyumba. Afrika Kusini walipima watoto wadogo: Cape Town asilimia 2.5 walikuwa na mzio wa chakula uliothibitishwa, vijijini Eastern Cape asilimia 0.5. Melbourne, Australia, watoto wa mwaka mmoja wenye mzio uliothibitishwa walizidi asilimia 10. Sidai kwamba tofauti ya mji na kijiji ni chakula peke yake. Kuna mifugo, hewa, dawa, uzazi wa upasuaji na mengine. Ila inaniuma kuona familia ya Mbezi au Kilimani inayojiweza kununua yai, samaki na karanga kila siku ikimficha mtoto vyakula hivyo kwa kufuata mwongozo ambao wenyewe walioutunga waliutupa mwaka 2008.

Kwa pumu ya kifua na mafua ya mzio nitasema kwa kifupi: mara chache chakula huwa ndicho chanzo. Vumbi la magodoro, moshi wa mkaa na wa sigara, ukungu kwenye kuta, chavua na manyoya ya paka ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kumwachisha mtoto wa pumu ndizi au maziwa kwa kuamini yanaleta makohozi hakumpunguzii mkoromo wa kifua.

Limebaki la dharura. Mtoto aliyekula kitu akaanza kukosa pumzi, kulegea au kutapika mfululizo huku akiota mabaka, anahitaji adrenalini kwenye msuli wa paja, haraka. Piritoni haiokoi hali hiyo. Inatuliza muwasho tu, na wazazi wengi hupoteza dakika za thamani wakingoja ifanye kazi. Zile sindano za kalamu zinazotumika Ulaya ni ghali na hazipatikani kirahisi hapa, lakini adrenalini ya ampuli ni dawa ya bei nafuu iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na zahanati ndogo inaweza kuwa nayo. Pita kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani kwako uulize mambo matatu: adrenalini ipo, muhudumu anajua kiasi cha mtoto, na usiku kuna nani. Kama jibu la lolote ni hapana, tafuta kituo kingine na ujue nauli na njia ya kufika huko, ndipo uanze na ile ncha ya kijiko cha karanga.